Mwaka Nilipoifumua Dusumali

Salma alipofariki, wanawe walinipigia simu kabla hawajawapigia baadhi ya ndugu zao wa damu. Nilipanda basi la asubuhi kutoka Geita na kufika Shinyanga, alikoletwa azikwe kwao, wakati wanaume wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wakinawa mikono uani kwa maji ya ndoo. Siku ya tatu, baada ya dua, binti zake watatu walinichukua hadi chumbani, wakanikalisha mkekani na kurudishia mlango. Yule mkubwa akasema, "Mama Neema, wewe ulimjua mama kabla hajawa mama. Alikuwa mtu wa namna gani?" Nikajibu kama watu wanavyojibu msibani: alikuwa mcheshi, alikuwa na huruma, alipenda watu. Wakaitikia kwa adabu, lakini niliona kwamba sikuwapa kitu. Njiani kurudi niliona haya. Nilikuwa na mwaka mzima wa kuwasimulia, nikawapa maneno matatu ambayo hata jirani aliyehamia juzi angeweza kuyasema. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri barua ya chuo cha ualimu, barua iliyochukua karibu mwaka kufika. Ya nyumbani kwetu Songwa nayaacha. Itoshe kusema kwamba nilionekana nakaa bure, nikapelekwa mjini kwa fundi mmoja wa kike aliyeitwa Bi Zuhura, ambaye sote tulimwita Mama Salma, ili nijifunze kushona. Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa Ngokolo, ya matofali mabichi yaliyopigwa lipu mbele tu, ina kibaraza chenye cherehani mbili. Moja ilikuwa yake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuikalia. Miaka ile nguo ilikuwa imeadimika muda mrefu, halafu ikaanza kurudi kama mvua ya kwanza, kwa matone: mitumba, vitenge kutoka Zaire, poplini iliyofungwa kwenye magazeti. Wanawake walikuja kibarazani na vipande walivyovificha miaka mingi, wakavikunjua polepole mapajani. Nilijifunza mapema kwamba mtu akileta nguo kwa fundi huleta na habari yake.

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Cha mwisho, kilichotazama uani, kilikuwa cha Bibi Tatu, mama yake Mama Salma, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Alijua kila kitu kwa vidole. Nilipompelekea chai aliushika mkono wangu kabla ya kikombe na kusema, "Leo umeshona kitu kigumu, kidole kina tundu." Chumba chake kilinukia karafuu na udi, na chini ya kitanda palikuwa na kasha la misumari ya shaba. Mimi nilitoka kwenye nyumba za michembe, viazi vilivyokaushwa, na maziwa mgando, nikaingia kwenye nyumba ya chapati na chai ya tangawizi, na wiki za kwanza nilikula kama mgeni, nikiogopa kuomba zaidi. Salma ndiye aliyenivunja woga. Tulikuwa rika moja. Usiku wa kwanza tulilala kitanda kimoja, asubuhi akaniambia, "Minza, wewe unaota kwa Kisukuma. Nifundishe, ili nijue unanisengenya au la."

Katikati ya mwaka ule Salma aliposwa. Kijana aliitwa Hamisi, alikuwa Nyarugusu akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na walikuwa wamekwisha kupendana kabla ya watu wazima kujua. Aliyekuja kuzungumza kwa niaba yake ni shangazi yake aliyemlea, Bi Shamsa, mwanamke mwembamba mwenye jino la dhahabu, anayemiliki hoteli ya chakula kule machimboni. Mimi na Salma tulikuwa jikoni tukichambua mchele. Ukuta wa jikoni na sebule haukufika juu, na kila neno lilivuka.

"Binti tumemwona, tumempenda," alisema Bi Shamsa. "Lakini kuuliza si ujinga, Mama Salma. Kwetu sisi ni waungwana, asili yetu Bagamoyo. Tungependa kujua mizizi ya mwenzetu."

"Mizizi yetu Unyanyembe," alijibu Mama Salma, kwa sauti aliyoitumia kwa wateja wakubwa. "Bibi yangu mzaa mama, binti Said, alivaa dusumali ya hariri wakati wanawake wenzake wamejifunga kaniki. Mpaka leo ipo. Kila binti wa nyumba hii huvishwa anapotolewa."

"Alhamdulillahi. Basi tutaiona siku hiyo."

Nilimwuliza Salma kwa kunong'ona dusumali ni nini. Akashangaa kwamba sijui, kisha akakiri kwamba hata yeye ameiona mara moja tu, alipotolewa binamu yake. Ni kilemba cha wanawake, alisema, cha zamani, kirefu, na huwezi kukipata dukani.

Kesho yake Mama Salma aliitoa kwenye kasha la Bibi Tatu na kuitandaza juu ya shuka safi. Sijasahau. Ilikuwa hariri ya mistari, nyekundu ya damu ya mzee, njano iliyokolea, na mstari mweusi mwembamba kama wanja. Kandokando ilishonewa taraza, utepe mwembamba uliofumwa kwa mkono kwa nyuzi zenye kung'aa. Ncha moja ilikuwa na matamvua marefu yaliyofungwa mafundo mafundo. Ncha ya pili haikuwa nayo. Ilikuwa imechanika, na mashimo yake yalikwenda ndani karibu kiganja. "Mende," alisema Mama Salma. "Na nondo. Mimi macho yangu hayaoni tena mshono mdogo kama huu. Wewe una mkono mwepesi. Fumua taraza upande huu, uzibe matundu kwa ndani, urudishe kama ilivyokuwa. Usiharakishe."

Sikuharakisha. Nilikaa karibu na dirisha siku mbili, na sindano nyembamba kuliko zote na subana kidoleni, nikikata uzi mmoja mmoja. Nilikuwa na udadisi wa mtu ambaye hajawahi kugusa kitu kilichoshikwa na waliokwisha kufa. Nani alifunga mafundo haya? Alikuwa amekaa wapi, anaongea na nani? Siku ya pili taraza ilipoachia, niliona kwamba dusumali haikuwa nguo moja. Bitana yake haikuwa bafta wala merikani, zile nguo za pamba zisizotiwa rangi. Ilikuwa kaniki, ile nguo ya buluu nzito, iliyofifia mpaka kuwa rangi ya moshi. Niliifungua zaidi ya nilivyoagizwa. Ilikuwa nguo kamili, haikukatwa, imekunjwa kwa ustadi ili ienee. Ncha zake zilitariziwa vijiti vidogo vyeupe, na katikati palikuwa na uzi uliosokotwa, wa urefu wa kuzunguka kidevu.

Leo nikipita sokoni Geita naona wasichana wamevaa mitandio ya kila rangi, na hakuna anayemsoma mwenzake kwa kitambaa cha kichwani. Anachagua inayolingana na viatu. Nafurahi iwe hivyo. Lakini nilipowaambia wanafunzi wangu, miaka yote niliyofundisha ushonaji, kwamba zamani pindo la nguo liliweza kumwinua mtu au kumpiga kofi, walicheka, na sikuwa na namna ya kuwaonyesha. Mimi nilionyeshwa na kipofu.

Nilimpelekea Bibi Tatu dusumali chumbani wakati Mama Salma yuko sokoni. Nilimsalimu, "Shikamoo Bibi," akaitikia, nikamwekea nguo mapajani bila kusema kitu. Vidole vyake vilipita kwenye hariri haraka, kama mtu anayepita mlangoni kwake. Vilipofika kwenye kaniki vilisimama. Vilitafuta ule uzi, vikaupata.

"Nani kakwambia uifungue mpaka hapa?"

"Hakuna, Bibi. Nilitaka kujua."

Aliuzungusha uzi kidoleni mpaka nikajuta. Kisha akasema, "Huu ni ukaya. Funga mlango."

Akanieleza. Katika siku za mama yake, alisema, watu wa pwani walipokuwa wanakaa Unyanyembe na misafara yao ya pembe na nguo, walikuja na desturi zao, na desturi kubwa ilikuwa kichwani. Mtumwa mwanamume hakuvaa kofia mbele ya bwana wake. Mjakazi alijitanda ukaya, nguo ndefu ya buluu inayoning'inia mpaka magotini, ikashikwa na uzi chini ya kidevu. Mwanamke muungwana alijifunga dusumali, na matamvua yake aliyaachia begani yaonekane. "Ukikutana na mtu njiani, kabla hajafumbua mdomo, umekwisha kujua nani atangulie kusalimu," alisema Bibi Tatu. "Kichwa kilikuwa kinasema."

"Na mama yako, Bibi?"

"Mama yangu aliitwa Faida. Hilo la binti Said ni la baadaye. Watoto wa watu waliitwa Fatuma, Zainabu. Ukisikia Faida, Tausi, Zafarani, ujue kapewa na aliyemnunua. Alitoka Uzinza, upande wa ziwa. Mwaka wa njaa mjomba wake alimtoa kwa watu wa msafara, akapewa nguo. Doti ngapi, nilimwuliza. Akasema hakuhesabu, alikuwa anamtazama mbuzi wake amefungwa mtini, anawaza nani atamfungua." Akanigeuzia uso. "Wewe kwenu Songwa, sivyo? Watu wa kwenu ndio waliobeba hizo nguo. Walipeleka pembe pwani, wakarudi na merikani kichwani."

Hakusema kwa ubaya. Lakini niliangalia vidole vyangu. Nilikuwa nimejifikiria mgeni katika habari ile.

Nilimwuliza kuhusu matundu. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Zuhura anasema mende. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo alipokuwa mdogo. Bwana yake mama alikufa, akawa ameacha wasia kwamba Faida ni huru. Mama akajenga kibanda, akapika vitumbua, akawauzia wapagazi. Miaka mitatu ndipo akapata dusumali hii. Siku ya kwanza kuivaa ilikuwa harusini. Binti wa bwana yake, aliyelelewa naye nyumba moja, wakala sahani moja, alimfuata katikati ya ngoma, akaikamata kwenye matamvua, akavuta. Matamvua yakabaki mkononi mwake. Dusumali ikaanguka chini. Wapigaji wakanyamaza. Mama akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi, akajifunga tena, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani. Halafu akaendelea kucheza, bila ngoma, mpaka wapigaji walipoona haya wakaanza tena."

"Ulikuwepo, Bibi?"

"Nilikuwa tumboni."

"Kwa nini akaushona ukaya ndani?"

"Hata mimi nilimwuliza. Nilitegemea maneno makubwa. Akaniambia, 'Hariri inateleza kichwani. Kaniki inashika nywele.'" Akapapasa ile nguo ya buluu, akaikunja. "Lakini sokoni kaniki mpya zilikuwa tele. Rudisha kama ilivyokuwa, mjukuu wangu. Zuhura hajui. Amejenga nyumba yake juu ya hilo la binti Said, usimbomolee."

Ningemtii, mwaka ule ungekuwa mwingine. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na rafiki mmoja. Siku iliyofuata, tukiwa uani tunafua, nilimwambia Salma kila kitu. Aliacha shuka ielee kwenye beseni. Aliniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake: yule mjomba aliitwa nani, mbuzi alifunguliwa na nani, Uzinza wapi hasa. Kisha akasema kitu ambacho hakikunipitia akilini. "Minza, si ndiko ninakokwenda? Nyarugusu ni huko huko. Naolewa alikotolewa."

"Nyamaza, mama yako atasikia."

"Nitamwambia Hamisi. Kama ananitaka kwa ajili ya binti Said, amwoe binti Said. Nikienda na uongo kichwani nitaulinda maisha yangu yote."

Hatukusikia hatua. Mama Salma alikuwa amesimama mlangoni na kapu la soko, na alikuwa amesikia ya kutosha. Hakumgusa Salma. Alinitazama mimi. "Umekuja hapa kujifunza kushona au kufumua?"

Aliniita kibarazani. Nilitegemea matusi, na nguo zangu kutupwa nje. Badala yake aliketi kwenye kiti chake cha cherehani, akazungumza kwa sauti ya chini sana, na hiyo iliniumiza zaidi. "Wewe ni Msukuma. Ukiulizwa kwenu wapi unanyoosha kidole: mlima ule, mto ule, ng'ombe wale. Mimi nimezaliwa mji huu, nimewashonea wake za watu miaka thelathini, na bado wakigombana nami sokoni wananiita mtoto wa msafara. Nikiulizwa kwetu wapi, nanyoosha nini? Nanyoosha ile dusumali. Sina kingine." Akasukuma kapu la soko pembeni. "Toa hiyo kaniki. Weka bafta nyeupe. Nipe mkononi mwangu."

Nilifanya. Nilishona siku tatu, na nasema kwa haya kwamba ni mshono mzuri kuliko yote niliyoifanya mwaka ule. Matundu niliyaziba kwa nyuzi nilizochomoa kwenye pindo lenyewe, rangi kwa rangi. Taraza ilikaa kama haijawahi kuguswa. Ukaya niliukunja na kumpa Mama Salma. Akaupokea bila kuutazama, akaingia ndani. Hatukuuona tena. Salma hakuniuliza, nami sikumwambia ninachofikiri, kwamba umekwenda motoni. Wiki zile Mama Salma alishona kutwa, hakuinuka kwenye kiti chake hata wateja walipotaka kuagana naye mlangoni. Na Bibi Tatu, kila nilipompelekea chai, alinishika mkono kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu, nami nikauvuta.

Harusi ilifika. Nikaha ilifungwa msikitini asubuhi, na ilipokaribia saa saba uani kwetu pamejaa wanawake, pilau inanukia mpaka barabarani, na nje Land Rover ya kukodi inasubiri kumpeleka bibi harusi Nyarugusu kabla jua halijazama. Bi Shamsa alikuwa ameketi mkeka wa mbele, sahani mbele yake, na amekwisha kusema mara mbili kwamba anasubiri kuiona hiyo dusumali. Salma aliketishwa kwenye kiti, mikono ina hina. Desturi ilikuwa mkubwa wa nyumba ndiye afunge. Nilimshika Bibi Tatu mkono, nikamleta. Mama Salma akamwekea dusumali viganjani.

Bibi aliipokea, akatafuta katikati, na vidole vikasimama, kama siku ile chumbani. Aliigeuza. Akaipapasa tena, ncha mpaka ncha. Alikuwa na masikio mazito siku zile, na kama wazee wengi wa namna hiyo alisema kwa sauti iliyofika kila kona.

"Ukaya wa mama yangu uko wapi?"

Wimbo ulikatika. Mama Salma akamsogelea. "Mama, twende ndani kidogo."

"Siendi ndani. Nimeuliza."

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua. "Nimeutoa mimi, Bibi."

"Kwa akili yako?"

Sikumtazama Mama Salma, lakini nadhani kila mtu alimtazama. Bi Shamsa akasukuma sahani yake pembeni. "Ukaya upi huo, Bibi?"

Bibi Tatu akageuka upande sauti ilikotoka. "Wa mama yangu. Aliitwa Faida, alikuwa mjakazi Unyanyembe. Dusumali hii aliinunua mwenyewe, kwa vitumbua."

Mtoto mmoja alimwuliza mama yake mjakazi ni nini, akafunikwa mdomo. Salma hakuinamisha kichwa. Alimtazama shangazi ya mumewe usoni, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Na Bi Shamsa alikuwa anaokota punje za wali zilizoanguka kwenye kanga yake, moja moja, anaziweka pembeni mwa sahani. Alipomaliza hakukuwa na punje tena, lakini mkono uliendelea kutafuta.

"Mmeuchoma?" aliuliza.

Mama Salma akageuza macho kibarazani.

"Nauliza kwa sababu kwetu tuliuchoma. Mama yangu aliuchoma mbele yangu, jikoni, nikiwa hivi." Akaonyesha kimo kwa kiganja. "Akaniambia nikiulizwa niseme Bagamoyo. Bagamoyo yenyewe sijawahi kufika."

Hapo Mama Salma alifanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa mwanzoni. Alitupita sote, akaenda kibarazani, kwenye kiti chake cha cherehani, akachukua mto aliokuwa anaukalia. Akauchana mshono kwa meno. Akaingiza mkono kati ya vipande vya nguo, na akauvuta ukaya, umekunjamana, buluu ya moshi, uzi wake unaning'inia. Wiki zote zile alikuwa ameukalia. Alirudi, akaniwekea mapajani. Aliposema, ilikuwa sauti ya fundi. "Kaa hapa. Fumua bafta. Usiharakishe."

Dereva alipiga honi mara tatu. Nilishona uani, mbele ya macho yote, na kwa sababu kitambaa kilihitaji kuvutwa ili bitana isijikunje, Bi Shamsa alisogea, akakaa mbele yangu na kushika ncha ya pili kwa mikono yote miwili. Mara kwa mara kidole chake kilipita juu ya vijiti vile vyeupe vya tarizi. Mwanamke mmoja alianza wimbo chini chini, wengine wakaupokea. Nilipokata uzi wa mwisho, Bibi Tatu alimfunga mjukuu wake, akayaachia matamvua yaliyobaki begani, na Salma akaondoka. Hakulia. Mama yake ndiye aliyelia, kwa muda mrefu, akiwa amekaa kwenye kiti kisicho na mto.

Watu huniuliza kama maneno yalienea mjini. Yalienea. Wateja wawili hawakurudi. Wengine walikuja zaidi, na baadhi yao, wanawake wa makamo wa familia zenye majina, walikaa kibarazani muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kupima gauni, wakiuliza mambo ya pembeni: kaniki ya zamani ilikuwa nzito hivi? Uzi ulipita wapi? Mama Salma aliwajibu, kwanza kwa kifupi, baadaye kwa kirefu. Bibi Tatu alifariki mwezi wa Ramadhani uliofuata. Sikuwahi kumwomba radhi kwa kumvujishia siri. Nilidhani kuna wakati.

Barua yangu ya chuo ilifika mwishoni mwa mwaka. Nilipata wiki mbili, nikazitumia kwenda Nyarugusu. Sikuwahi kuona mahali kama pale: nyumba za mabati na turubai, maduara, mashimo ya wachimbaji, nyuma tu ya vibanda, vumbi jeupe kwenye kope za watu, na kutwa nzima mlio wa wanawake wakiponda mawe kwa nyundo, mapigo yasiyopatana wala kupishana. Salma alikuwa amenenepa na anacheka. Alikuwa anawatembelea wazee wa Kizinza waliobaki, anawauliza kama kuna anayemjua msichana aliyetolewa mwaka wa njaa. Wazee walimpa maziwa na kumwambia, mwanangu, mwaka gani wa njaa? Walitolewa wengi. Hakuacha kuuliza. Nimeambiwa msibani kwamba aliuliza mpaka mwaka jana.

Siku ya nne, mchana, hoteli ikiwa imejaa wachimbaji wanaokula ugali wa muhogo na sato, Bi Shamsa alinishika kiwiko, akaniingiza chumbani kwake na kufunga mlango. Kutoka chini ya godoro alitoa kaniki mpya, bado ina harufu ya duka.

"Nishonee kama ule," alisema.

Nilimwambia sikumbuki kila kitu. Akasema nishone ninachokumbuka. Nilishona kwa mkono, kwenye ukingo wa kitanda, naye amekaa pembeni. Nilipofika kwenye tarizi nilimwuliza kama ule wa mama yake ulikuwa na vijiti au maua. Alifikiri sana. "Nilikuwa nautazama moto," alisema.

Nilipomaliza alijitanda mbele ya kioo kidogo cha ukutani. Uzi nilimfunga mimi, chini ya kidevu. Nguo ilishuka mpaka magotini, buluu tupu, na jino la dhahabu halikuonekana kwa sababu alikuwa amefumba mdomo. "Nafanana na nani?" aliniuliza. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Akatikisa kichwa taratibu, kama nimejibu vizuri.

Nilidhani atauvua. Badala yake alifungua mlango, akatoka hivyo hivyo mpaka hotelini, akachukua upawa, akasimama mbele ya watu wote. Nilibaki mlangoni. Wanaume kama thelathini walikuwepo, vumbi kichwani, matope mikononi. Bi Shamsa alisimama na upawa mkononi, mgongo wima, akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayesubiri.

Hakuna aliyeacha kula. Kijana aliyekuwa karibu aliinua sahani yake bila kumwangalia kichwani. "Mama," alisema, "naomba niongezee mchuzi."

Akamwongezea.